Folda zimerudi njano na desktop.ini zimejaa kila mahali, nifute?

Dada mmoja mwenye steshenari Morogoro ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Kaka, kwenye kompyuta yangu ya zamani nilikuwa nimeziwekea ikoni folda za kazi, kadi za harusi na yake, paspoti saizi na yake, CV na yake, mitihani ya shule nimeiwekea kufuli, hata binti anayenisaidia ambaye kompyuta hajaizoea alikuwa hapotei. Nimenunua kompyuta mpya nikahamisha kazi zote kwa external. Ile external ilikuwa na virusi vya shotikati, kijana mmoja akanisafishia kwa kuandika maneno kwenye ile skrini nyeusi na kazi zote zikarudi. Ila sasa ikoni zote zimepotea, folda zote njano, na ndani ya zile folda kuna kifaili kinaitwa desktop.ini ambacho sijawahi kukiona. Yule kijana anasema ni mabaki ya virusi nifute. Nifute? Na je, faili moja la Word naweza kulipa ikoni yake peke yake?"

Dada yangu, pole kwa usumbufu, ila kabla ya yote usifute hata moja. Hizo desktop.ini sio virusi wala sio mabaki, hizo ndo ikoni zako zenyewe, yani ndo sehemu pekee ambapo kumbukumbu ya ikoni ulizoweka bado ipo, ukizifuta hapo ndo utakuwa umezipoteza kweli.

Ngoja nikueleze inavyofanya kazi maana ukishaelewa hili utajitengenezea mwenyewe bila kumlipa mtu. Kwenye Windows folda haibebi picha yake mwilini. Siku ile ulipofanya raiti kliki kwenye folda ukaenda Properties, ukafungua Customize, ukabonyeza Change Icon ukachagua picha, Windows ilifanya vitu viwili kimyakimya. Cha kwanza iliandika kifaili kidogo ndani ya ile folda, hicho desktop.ini, kinachosema ikoni ya folda hii iko mahali fulani, alafu ikakificha kwa alama mbili, ya hidden na ya system, ndo maana hukuwahi kukiona. Cha pili iliipiga folda yenyewe muhuri wa read-only. Huo muhuri unachanganya watu wengi sana, kwenye folda hauzuii kitu, utaongeza mafaili na utafuta kama kawaida, kazi yake ni kuiambia Windows kwamba folda hii ina mambo yake, ingia usome desktop.ini. Folda isiyo na huo muhuri wala wa system Windows haihangaiki kutafuta desktop.ini ndani yake, na ina haki, fikiria ingekuwa inafungua kifaili cha ziada kwenye kila folda inayokutana nayo, kompyuta zetu hizi zingekuwa zinatambaa.

Sasa turudi kwa yule kijana. Virusi vya shotikati vinafanya hivi: vinazificha folda zako halisi kwa alama zilezile za hidden na system, alafu mahali pake vinaweka shotikati yenye jina lilelile na ikoni ya folda, ukibonyeza unavifungulia mlango. Dawa yake kila fundi anaijua, unafungua Command Prompt, yani ile skrini nyeusi, unaandika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

maana yake ondoa hidden, ondoa read-only, ondoa system, kwa kila kitu kilichomo kwenye diski E, mafaili na mafolda mpaka ndani kabisa. Kijana wako bila shaka aliandika hiyo au inayofanana nayo, na hakukosea, aliokoa kazi zako. Lakini angalia hiyo amri imepita wapi. Imeondoa alama za virusi na palepale imeondoa muhuri wa read-only kwenye folda ulizozipamba, kwaiyo Windows imeacha kusoma desktop.ini, na imeondoa hidden na system kwenye desktop.ini zenyewe, ndo maana leo unaziona zimejaa kila mahali kama zimezaliwa jana. Zilikuwepo miaka yote dada. Hata mimi niliwahi kuisafisha flashi ya mwalimu mmoja kwa amri hiyohiyo, akafurahi kupata notsi zake, kesho yake akarudi na malalamiko kama yako, na siku hiyo ndo nilikaa chini nikafuatilia hadi nikaelewa kwanini.

Kuna na shida ya pili imejificha nyuma ya hiyo, na hii ingekukuta hata bila virusi. Fungua desktop.ini mojawapo kwa Notepad, usiogope ni maandishi tu, utakuta mistari kama hii:

[.ShellClassInfo]
IconResource=C:\Users\duka\Downloads\kadi.ico,0

Umeona hiyo njia? Inaonyesha Downloads ya kompyuta ya zamani. Folda umeihamisha, picha umeiacha kule. Kwaiyo hata ukirudisha muhuri, Windows itaenda kwenye hiyo Downloads, itakuta hakuna kitu, itakuwekea ya kawaida au karatasi nyeupe tupu. Isipokuwa zile ikoni ulizochagua kwenye orodha ya Windows yenyewe, ukifungua desktop.ini yake utakuta imeandikwa shell32.dll au imageres.dll, hizo hazina tatizo maana mafaili hayo yapo kwenye kila Windows, muhuri ukirudi na zenyewe zinarudi.

Tutengeneze. Chukua folda moja tu kwanza, tuseme D:\KAZI\KADI ZA HARUSI. Nenda kompyuta ya zamani kama bado ipo, tafuta lile faili la kadi.ico, likopi ulipesti ndani ya folda hiyohiyo ya kadi za harusi. Alafu fungua desktop.ini yake kwa Notepad, ule mstari wa pili futa njia yote ndefu ubakize jina tu, iwe hivi:

IconResource=kadi.ico,0

Hiyo sifuri ya mwisho iache, ni namba ya ikoni ndani ya faili, ya kwanza inahesabiwa sifuri. Sevu. Hapa ndo penyewe hasa, maana sasa folda inatembea na ikoni yake ndani, uipeleke kwenye flashi, external, kompyuta ya shemeji, diski iitwe D au E au F, haina shida, Windows inaangalia palepale ilipo. Laiti ungefanya hivi tangu mwanzo ungepata usumbufu nusu tu.

Ukimaliza fungua Command Prompt uandike amri mbili, ukiwa makini na alama za kunukuu kwa sababu jina la folda lina nafasi katikati:

attrib +s +h "D:\KAZI\KADI ZA HARUSI\desktop.ini"
attrib +r "D:\KAZI\KADI ZA HARUSI"

Ya kwanza inakificha kifaili, ya pili inarudisha muhuri. Usijaribu kuweka huo muhuri kwa kile kiboksi cha Read-only kwenye Properties, kile kinahusu mafaili yaliyomo ndani, kimeandikwa kabisa pembeni yake, folda yenyewe hakiigusi, na ukikitumia utajikuta mafaili yako ya Word yanagoma kusevu.

Kama imekubali kwenye hiyo moja, nyingine zote ndani ya KAZI unaweza kuzipiga kwa mpigo, baada ya kuwa umeshahariri desktop.ini zake wakati bado zinaonekana:

attrib +s +h D:\KAZI\desktop.ini /s
for /d %i in (D:\KAZI\*) do attrib +r "%i"

Zile ndogo zilizo ndani zaidi utazifanya moja moja. Na siku ukitaka kuhariri tena unaanza na attrib -s -h kwenye kile kifaili, unabadilisha, unakificha tena.

Ukifanya yote haya ukaona bado njano usikate tamaa wala usianze kubadilisha tena, Windows ina tabia ya kuweka akiba ya ikoni ilizokwisha kuzichora ili isichore upya kila saa, inakuonyesha ya jana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ie4uinit.exe -show, piga Enter. Ikigoma restati kompyuta.

Kama kompyuta ya zamani umeshaiuza na zile picha hazipo, basi utatengeneza mpya, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo watu wanapokosea zaidi. Kosa la kwanza ni kuchukua picha ya PNG au JPG na kubadilisha jina mwishoni iwe .ico. Jina limebadilika ila ndani ni ileile. Faili la ICO sio picha moja, ni kama bahasha yenye picha ileile kwa saizi tofauti, 16 kwa 16, 32, 48, mpaka 256, na Windows inachomoa inayofaa kulingana na unavyoangalia, ukiweka Details inachomoa ndogo, ukiweka Extra large icons inachomoa kubwa. Ukiiwekea saizi moja tu kubwa, Windows italazimika kuibana yenyewe, ndo unapata ile ikoni yenye ukungu. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure, fungua picha yako ukate iwe mraba, ipunguze iwe 256, alafu tengeneza nakala ya leya, yani tabaka la picha, ipunguze 48, nyingine 32, nyingine 16, ukisevu kwa Export As na jina kadi.ico kila leya inakuwa saizi moja ndani ya bahasha. Ile ya 256 itakuuliza kama ibanwe kwa PNG, kubali.

Kosa la pili ni la macho. Watu wanachukua picha ya bwana na bibi harusi wamekaa kwenye kochi na maua nyuma wanafanya ikoni ya kadi za harusi. Kwenye 256 inapendeza sana. Sasa fikiria 16 kwa 16, hiyo ni vidoti 256 jumla, shela, suti, kochi na maua vyote vigawane vidoti 256, utaona uchafu wa rangi ya maziwa tu. Yule mama aliyechora ikoni za Macintosh ya kwanza iliyotoka 1984, Susan Kare, alikuwa anachora kwenye karatasi yenye vimraba, 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe, hata kijivu hana, kila kimraba ama kimejaa ama kitupu, na mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta aliitambua ile ya kutupia takataka. Alichagua kitu kimoja akaacha vingine vyote. Kwaiyo kwa kadi za harusi chora pete mbili, basi. Paspoti saizi, kichwa na mabega kwenye mandhari ya bluu, kila Mtanzania atajua. CV, karatasi yenye mistari mitatu minene. Na kila moja uipe rangi yake iliyo mbali na nyenzake, maana binti wako akiwa na foleni ya wateja watano hasomi, anatafuta rangi. Ukimaliza ijaribu kwenye Details kabla hujaifurahia kwenye saizi kubwa.

Alafu usizipambe zote. Mi nakushauri folda tano sita zile za kila siku tu, nyingine ziache njano. Nimeona kompyuta ya mtu mwenye folda arobaini kila moja na ikoni yake, mwenyewe alikuwa anatafuta kwa kusoma majina moja moja kama ambaye hana ikoni hata moja, maana hakuna iliyojitokeza.

Swali lako la faili la Word. Kwenye Windows jibu ni hapana, kwa faili moja peke yake haiwezekani. Faili linavaa ikoni ya aina yake, Windows inaangalia herufi za mwisho, .docx, inaenda kwenye Registry, yani daftari lake la mipangilio, kuuliza aina hii inafunguliwa na programu gani, inachukua ikoni ya programu hiyo, kwaiyo ukibadilisha pale umebadilisha .docx zote kwenye kompyuta nzima. Ndo maana pia kwenye kompyuta mpya huenda umeona PDF zako zote zina alama ya Edge, ile programu ya intaneti inayokuja na Windows, mafaili hayajaharibika, ni Edge imechukua kazi ya kuyafungua. Unachoweza kufanya kwa lile faili unalolifungua kila siku, labda orodha ya madeni au bei, ni kulitengenezea shotikati kwenye deskitopu, raiti kliki kwenye hiyo shotikati, Properties, Change Icon, uipe ikoni unayotaka, faili lenyewe likae mahali pake. Kwa shotikati ikoni iweke kwenye folda ambayo hutaihamisha. Wenye Mac wenyewe wanaweza hata kwa faili moja, wanakopi picha, wanabonyeza Command na I kwenye faili, wanagusa kaikoni ka juu kushoto wanapesti. Na kwa Linux yenye GNOME unabadilisha kwa kubonyeza ikoni kwenye Properties, ila kumbukumbu inabaki kwenye kompyuta hiyo, haisafiri na folda.

Ukitengeneza shotikati utaona kale kamshale kadogo kwenye kona. Kuna watu watakufundisha kukaondoa kwa kuchezea Registry ili ikoni ipendeze. Dada yangu kwa kazi yako usikubali. Wewe unapokea flashi za watu kutwa nzima, na kale kamshale ndo kitu cha kwanza kitakachokuambia kwamba hii inayojiita folda sio folda. Virusi vinajua watu wanaamini ikoni, ndo vinavaa ikoni ya folda. Na kuna vingine vibaya zaidi havitumii hata shotikati, ni programu kamili ya .exe iliyovaa ikoni ya folda, haina mshale, na kwa sababu Windows ikitoka kiwandani inaficha yale maneno ya mwisho ya jina hutaona .exe. Fanya hivi leo, fungua File Explorer, nenda View (kwenye Windows 11 ni View alafu Show), weka tiki kwenye File name extensions, na flashi ya mteja iangalie kwenye Details uone safu ya Type. Folda halisi itaandikwa File folder. Ukiona ikoni ya folda alafu Type inasema Application au Shortcut usiiguse, ipige antivirasi kwanza. Mfundishe na binti hilo, ni la muhimu kuliko pete na rangi zote nilizosema juu.

Na flashi ya duka unaweza kuipa ikoni yake pia isichanganyike na za wateja. Weka duka.ico juu kabisa kwenye flashi, sio ndani ya folda, alafu kwa Notepad tengeneza faili linaloitwa autorun.inf lenye mistari hii:

[autorun]
icon=duka.ico
label=DUKA

Wakati wa kusevu chagua All Files isije ikawa autorun.inf.txt. Ichomoe, ichomeke tena. Zamani faili hilo lilikuwa njia kubwa ya virusi kujiwasha, ndo maana tangu Windows 7 flashi haiwezi tena kuendesha programu kwa kupitia hapo, ikoni na jina tu ndo vimebaki. Baadhi ya antivirasi bado zinalichukia na kulifuta, ikitokea hivyo usishindane nayo, andika jina la duka kwa makapeni ubavuni mwa flashi.

La mwisho ni lile kufuli kwenye folda ya mitihani, na hili hukuniuliza ila limenikaa. Kufuli la ikoni halifungi chochote, mtu akibonyeza mara mbili folda inafunguka kama nyingine, na mwanafunzi aliyekuja kutoa kopi akisimama nyuma yako, katika folda zote kwenye skrini ataiona hiyo. Mitihani ya shule ifunge kwa 7-Zip, programu ya kubana na kufunga mafaili, ni ya bure, chagua kutengeneza .7z, weka nenosiri, na uweke tiki kwenye Encrypt file names ili hata majina ya mitihani yasisomeke, hakikisha inafunguka, alafu zile za wazi uzifute kwa Shift na Delete zisikae kwenye Recycle Bin. Folda yenyewe irudishe kwa Restore Defaults palepale kwenye Change Icon, ipe jina la kawaida lisilotaja mtihani, ikae njano katikati ya njano nyingine.